Nilivyoizima Skrini ya Mzee Athumani

Mwanangu, ipo Jumatatu moja pale Nkwenda ambayo hadi leo nikiikumbuka naona aibu, ingawa mvi zimenijaa kichwani na wengi waliokuwepo wameshaisahau. Nakusimulia wewe kwa sababu umeanza kazi ya kompyuta, na watu wanasema una mikono myepesi. Mimi nami niliambiwa hivyo hivyo, nikaamini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya kompyuta kule Kanoni, miezi mitatu tu, nikarudi na daftari lililojaa maandishi na kichwa kilichojaa majivuno. Mzee Athumani akaniajiri. Alikuwa muuza vitambaa, babu yake alitoka Tanga, na katika chumba cha nyuma cha duka alikuwa ameweka kompyuta moja na mashine ya kuchapia. Wakati huo, ukitaka barua ya kupigwa chapa Nkwenda, ulikwenda kwake. Skrini ilikuwa ya chogo, nzito kiasi kwamba tuliibeba wawili, na ndani ya kompyuta aliweka mfumo huria wa zamani, ule wa bure ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Alikuwa amejifundisha mwenyewe kwa kusoma. Kila mteja alihubiriwa habari za mfumo huo kwanza, barua ikafuata baadaye.

Wiki hiyo tulikuwa na kazi ya Jasinta, binti wa mfugaji mmoja wa mbugani aliyeitwa Mzee Kaliisa. Jasinta alikuwa anaomba nafasi ya chuo cha uuguzi. Fomu na barua zake nilikuwa nimeshaziandika ndani ya kompyuta, ila wino wa kuchapia ulikuwa umeisha na Mzee Athumani alikuwa ameufuata Bukoba. Karatasi hizo zilitakiwa zitiwe sahihi na baba yake, kisha ziondoke na basi la Alhamisi asubuhi. Zikikosa basi hilo, ni mpaka mwaka mwingine, na kwao wajomba walikuwa wameshaanza kusema kwamba msichana akikosa chuo safari hii, aolewe.

Basi Jumatatu nikabaki dukani peke yangu. Nikaitazama ile skrini, herufi zake nene, picha zimebanana, nikaidharau. Kanoni tulikuwa na skrini bapa, mpya, yenye picha safi. Na daftarini nilikuwa nimenakili namba zake zote, zile zinazoandikwa kwenye faili moja ili kompyuta ijue skrini yake ina uwezo gani. Nikalifungua faili la mzee, nikafuta namba zake, nikaandika za Kanoni. Sikuweka nakala ya zile za zamani. Niliona ni kujichelewesha.

Nikawasha upya. Herufi nyeupe za mwanzo zikapita kama kawaida, kisha skrini ikapiga mluzi mwembamba, ikatikisika, ikawa giza. Nikarudia, ikawa vilevile. Nikachomoa waya ukutani, nikaenda mbele ya duka kukunja vitenge kwa bidii ambayo haikuwahi kuonekana pale.

Mzee Athumani alirudi alasiri na wino wake. Akawasha, akakutana na giza.

"Binti, umegusa kitu hapa?"

"Sijagusa, mzee. Nadhani ni umeme."

Umeme wetu ulikuwa na sifa mbaya kiasi kwamba ungeweza kuusingizia lolote. Lakini sitaki kukudanganya kwamba ilikuwa hofu tupu. Sisi tuliolelewa huku tunafundishwa kumjibu mkubwa jibu la kumtuliza. Akikuuliza kama umeelewa, unaitikia hata kama hujaelewa. Akikuuliza kama kuna shida, unasema hakuna. Tunaita adabu, na mara nyingi ni adabu kweli. Siku ile niliutumia uongo wangu kana kwamba ni heshima, nikajisikia nimelelewa vizuri.

Jumanne mzee aliifungua kompyuta yote. Akachomoa kadi ya picha, kile kipande kinachopeleka picha kwenye skrini, akaisugua meno yake kwa ufutio wa penseli, akairudisha. Giza. Akakuna ndevu.

"Ajabu hii. Herufi za mwanzo zinakuja vizuri. Ingekuwa umeme umeunguza kitu, hata hizo tusingeziona. Una hakika hukubadilisha chochote?"

"Nina hakika, mzee."

Uongo wa mara ya pili ulinitoka kirahisi kuliko wa kwanza, na hilo lilinitisha. Jumatano alidamka kwenda Kayanga kuazima kadi nyingine, akarudi saa sita amelowa mvua, akaifunga. Giza lilelile. Muda wote huo Jasinta alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani. Afadhali angenigombeza.

Saa nane akaingia baba yake, kavaa buti za mpira, fimbo mkononi, amekuja kutia sahihi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaketi. Mzee Athumani akamweleza yaliyotokea, yule akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi mashine sizijui," akasema taratibu. "Ila ng'ombe wangu akirudi jioni anatetemeka, simshiki kwanza ng'ombe. Namshika aliyemchunga. Namuuliza, leo mmepita wapi, amekula nini? Akinificha kwamba ng'ombe aliingia shamba lililopigwa dawa, nitamchoma sindano za homa mpaka afe, na homa hana." Kisha akauliza, bila kumtazama mtu, "Hii nayo, nani alikuwa nayo siku ilipougua?"

Mwanangu, hakujua. Aliuliza tu kama mtu wa mifugo anavyouliza. Nilimtazama Jasinta, nikaona kwamba nikinyamaza tena nitakuwa nimemwoza mimi mwenyewe.

"Ni mimi," nikasema. "Nilibadilisha namba za skrini. Niliweka za Kanoni."

Mzee Athumani akaniuliza jambo moja tu, kama nilibakiza za zamani. Nikasema hapana. Akavuta pumzi, akawasha kompyuta akiiamuru ibaki kwenye herufi tupu, isijaribu kuleta picha. Hapo skrini ilitulia, haikupiga hata mluzi.

"Haya, njoo tuigeuze."

Tukaigeuza skrini, uso ukaelekea ukutani. Nyuma yake, chini ya vumbi la miaka, palikuwa na kibandiko. Nilikifuta kwa khanga yangu na namba zikatokea, kiwango cha chini na cha juu ambacho skrini ile inaweza kuhimili. Nilikuwa nimeitwisha karibu mara mbili yake. Mzee alinisomea, mimi nikaandika, na mstari mmoja niliurudia mara tatu. Safari hii kwanza niliweka nakala.

Picha ikafunguka. Ilikuwa na ukijani kidogo pembeni, herufi zilezile nene nilizozidharau, na sijawahi kuona kitu kizuri kuliko hicho. Kazi yote haikufika nusu saa. Fomu zikachapwa, Mzee Kaliisa akatia sahihi polepole kama mtu anayechonga, na asubuhi yake Jasinta mwenyewe alizikabidhi kwa kondakta. Nafasi aliipata.

Nilidhani nimefukuzwa kazi. Jioni hiyo, tukifunga duka, Mzee Athumani akaniambia, "Kwa kuharibu skrini sikukasirikii. Mfumo huu umeachwa wazi ili watu waufungue, na anayefungua huharibu. Lakini siku mbili umeniacha nikitibu kitu kizima, nawe umesimama unaniangalia." Kesho yake akaniambia nimfundishe Jasinta kutumia kompyuta bure kila Jumamosi, mpaka atakapoondoka kwenda chuo. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yangu, na nimepata rafiki wa maisha.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, usiogope kugusa. Gusa, jaribu, ila weka nakala kwanza, na usome kilichoandikwa kwenye kitu chenyewe kabla hujakibebesha vipimo vya kwingine. Hayo utayazoea upesi. Gumu ni lile jibu la kumtuliza mkubwa. Mkubwa wako akikuuliza umefanya nini, heshima yake ni kumwambia ulichofanya, siku hiyohiyo. Yuko mtu kwenye benchi anayesubiri, na wewe peke yako ndiye unayejua kwa nini.

Mungu akutangulie katika kazi hiyo. Akupe mashine zitakazokushinda, maana hizo ndizo zitakazokufundisha, na kila utakapoharibu akupe nguvu ya kusema "ni mimi" wakati kusema kwako bado kunamsaidia mtu.