Nimesomewa vya Kutosha

Kanisa la mama liko Kariobangi, katikati ya karakana za jua kali, kwa hiyo mahubiri ya pale hushindana na nyundo za wanaotengeneza majiko. Mara nyingi nyundo hushinda, na sijawahi kulalamika. Mwenye kanisa alianza kama mchungaji. Akawa askofu bila kuwekewa mikono na mtu yeyote isipokuwa mkewe, na sasa bango la nje linamwita mtume. Tukiamka wiki ijayo tutaambiwa ni malaika, na waumini wataombwa kuchangia mabawa.

Huyu ndiye aliyejitangaza kuwa anafuta ujinga mtaani. Alifungua darasa la kusoma kwa watu wazima, lile ambalo wazee wetu waliliita ngumbaru, akalipa jina refu la Kiingereza. Kabla hata kitabu kimoja hakijafika, fulana zilikuwa zimeshachapishwa zikiwa na uso wake kifuani. Mama alivaa yake machinjioni Kiamaiko, anakofanya kazi ya kuosha matumbo ya mbuzi, na uso wa mtume ukashinda kutwa umelowa maji yale. Nilipouona nilifurahi kupita kiasi.

Nisieleweke vibaya. Najua makanisa yamewafundisha watu kusoma. Wazee wengi ninaowafahamu walizijua herufi wakiwa kwenye mabenchi ya kanisa, na mimi mwenyewe a-e-i-o-u yangu ya kwanza niliiimba sande skul. Ninachokidharau ni aina ya kusoma wanayoitaka. Katika kanisa hili mhubiri hasomi mwenyewe. Ana msomaji anayesimama kando yake na Maandiko mkononi. Mhubiri hunguruma, "Soma!" na msomaji husoma. Likifika neno analolitaka, husema, "Hapo!" na msomaji hukata palepale, hata kama kilichobaki kinapindua kila kitu kilichotangulia. Kisha mtume hulitafuna neno hilo moja mpaka watoto waanze kulia njaa. Kwake yeye, msomaji mzuri ni yule anayejua kunyamaza.

Mama hakwenda darasani kwa ajili ya fulana. Alikwenda kwa sababu ya asubuhi moja ya zamani, mimi nikiwa bado sijaanza shule. Baba alifanya kazi kiwandani Industrial Area, na kila mshahara ukitoka alirudi amelewa, akampiga. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, na zizi la mama lilikuwa kanisa. Nakumbuka jicho lake lilivyovimba likafumbika, na andazi nililopewa ili ninyamaze. Mchungaji, maana wakati huo alikuwa mchungaji tu, alifungua Maandiko akamsomea mahali panapowaambia wake wawatii waume zao. Akafunga kitabu, akamwombea, akamwambia arudi kwake. Mama alirudi. Alirudi kila mara aliposhawishika kuondoka, kwa nguvu ya neno hilo moja, hadi siku tuliyomzika baba.

Miaka ilipita. Darasa lilipotangazwa, mama aliniambia kwamba anataka kuliona neno lile kwa macho yake.

"Kama Mungu ndiye alisema, basi imeandikwa," akasema. "Nataka nione vile imeandikwa."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo, anipe kitabu nimsomee sasa hivi. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mimi nimesomewa vya kutosha, mama," akasema. Huniita mama, kwa kuwa nina jina la mamake.

Basi akaanza kwenda. Mwalimu wao alikuwa msichana aliyemaliza chuo akakosa kazi, na ambaye mtume alimlipa kwa maombi. Huyo simdharau. Aligundua kwamba wanafunzi wake, wengi wao akina mama wenye mikono iliyokakamaa kwa kazi, walifuata mistari kwa kidole, na kidole kikiinuka tu, mstari umepotea, wanarudi mwanzo na machozi yanawalengalenga. Akawawekea sheria, na mama alinisimulia jinsi alivyoipata kwa mwalimu huyo, aliyewaita wote shosho, yaani nyanya.

"Shosho, usitoe kidole kwa line. Hata mtu akikuita, wewe enda tu mpaka ufike kwa ile nafasi nyeupe. Hapo ndio unapumzika."

"Na kama ni mtume ananiita?"

"Hata yeye, shosho. Si atangoja?"

Darasa zima lilicheka. Mama aliichukua sheria hiyo kama amri ya kumi na moja.

Kisha ikaja Jumapili ya akina mama, na wafadhili kutoka ng'ambo wakaja kuona matunda ya msaada wao. Viti vya plastiki vilivalishwa vitambaa vyeupe. Mama alichaguliwa awe msomaji, mfano hai wa ujinga uliofutwa. Alikuwa amejizoeza zaburi fupi kwa wiki kadhaa, lakini asubuhi hiyo mtume alitangaza kwamba Roho amebadilisha neno. Roho wa kanisa lile ana tabia ya kubadilisha mambo kila wageni wakija. Akamfungulia mama ukurasa mwingine, akamwonyesha pa kuanzia. Pa kuishia hakumwonyesha, kwa sababu huko kulikuwa na "Hapo!" yake.

Nilikuwa nimeketi upande wa wanawake, nimekuja kwa heshima ya mama na si kwa jingine lolote. Mtume akanguruma, "Soma!" Mama akaweka kidole, akaanza silabi kwa silabi, kama mtu anayevuka mtaro kwa kukanyaga mawe. Silabi za mwanzo zilipoungana nikaona mabega yake yakishtuka. Alikuwa amelitambua neno lake. Wake wakaambiwa wawatii waume zao.

"Hapo!" akasema mtume, akawageukia wageni na tabasamu lake lililokwisha kuandaliwa.

Mama akaendelea.

"Hapo, mama!"

Kidole kiliteremka mstari unaofuata, na unaofuata. Kikafika mahali waume wanapoambiwa zamu yao: wawapende wake zao, wawatunze kama miili yao wenyewe, maana hakuna mtu anayeuchukia mwili wake. Mtume alimpungia mkono fundi wa mitambo, na kipaza sauti kikafa. Mtu mwingine angeelewa kwamba amenyamazishwa. Mama, mtu wa Eastlands ambako umeme hukatika kila mara, alidhani stima imepotea. Akafanya tunavyofanya sote stima ikipotea: akapaza sauti.

"Soma, mama!" mwanamke mmoja nyuma yangu akapiga kelele, akitumia neno la mtume mwenyewe. Wengine wakapiga vigelegele. Upande wa wanaume watu walianza kukagua viatu vyao. Mama alisoma mpaka kwenye nafasi nyeupe, akainua kidole, akatutazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake.

Wageni wakasimama kumpigia makofi, kwa kuwa hawakujua Kiswahili. Mtume alikinyakua kipaza sauti akaanza kuhubiri, akasahau kwamba ameamuru kizimwe, na kwa muda mtamu sana tulimwona akifungua na kufunga mdomo huku mafundi wa jua kali wakigonga mabati. Kilipowashwa alicheka, akasema mama zetu wakishajua kusoma hawashikiki. Ile sehemu ya pili, akaeleza, ni fundisho la ndani, litakuja siku yake. Nimekuwa nikiulizia siku hiyo mpaka leo. Mwoga mkubwa yule! Amelihubiri neno moja maisha yake yote, na hajawahi kuwa na ujasiri wa kugeuza jicho hadi mstari wa chini yake.

Darasa lilifungwa kabla ya mwezi kwisha. Waliambiwa linapangwa upya, mabenchi yakapewa kwaya, mwalimu akaambiwa asubiri maono. Bango la kufuta ujinga bado linaning'inia pale, na nikipita hulitemea mate, ya kweli, chini kwenye vumbi.

Jumapili ile tulirudi na mama kwa miguu. Alitembea ameinua kichwa, akisalimia hata watu asiowajua.

"Stima ilipotea," akaniambia, "lakini nilimaliza."

Nilikubali kwamba alimaliza. Nyumbani alivua viatu, akaketi kitandani, nami nikaweka chai jikoni. Alifungua tena kitabu, akapatafuta mahali pale kwa kidole, akasoma kimyakimya, midomo ikienda. Alifika mwisho akarudia. Furaha ya kanisani ilikuwa inamtoka polepole, na kitu kingine kinaingia.

"Kitabu chake cha wakati ule," akauliza, "kile alinisomea, kilikuwa na hii sehemu?"

Nilielewa kwamba alitaka nimwambie hapana, kwamba imeongezwa siku hizi pamoja na mambo mengine mapya.

"Kilikuwa nayo, mama. Iko hapo siku zote."

"Hapa hapa chini?"

"Hapo hapo chini."

Mimi nilikuwa na matusi tayari, ya kumtosha mtume na wajukuu zake, nikangoja tu mama aanze. Hakuanza. Alirudisha kidole kwenye mstari wa kwanza, chai ikafurika ikazima moto, na hakuna aliyeinuka.

"Basi baba yako alikufa," akasema, "bila kusomewa neno lake."