Wivu Wangu kwa Sista Generoza

Siku yangu ya kwanza kazini, daktari mfawidhi alinikuta nimesimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji, nimevaa kofia kinyume. Alikuwa mzee wa mvi, mkali, asiyependa maneno mengi. Akaniambia, "Binti, kazi yako si kutazama kisu. Kisu nitakitazama mimi. Wewe tazama kifua. Kikipanda na kushuka, tuko salama. Kikisimama, usiniulize. Fanya."

Nilijibu, "Ndiyo, Daktari," lakini macho yangu yalikuwa kwingine. Kando ya meza ya vyombo alisimama mtawa kijana akihesabu mikasi. Alikuwa Generoza. Sikuwa nimemwona kwa miaka mitano, na kama ningejua yuko pale, nisingekubali kupangiwa hospitali ile ya misheni Muleba.

Mimi na Generoza tumezaliwa Kashozi, kwenye vibanja vya migomba vinavyopakana. Tulikaa dawati moja shule ya msingi, na tulipomaliza tukapanda lori moja kwenda kuomba utawa. Kwa miaka miwili tulikuwa waombaji, yaani wasichana wanaopimwa kabla ya kuvikwa vazi. Mwisho wa mwaka wa pili Mama Mkuu wa shirika aliniita ofisini kwake akasema, "Leokadia, rudi kwa wazazi wako. Wito wako si huu." Nikamwuliza nimekosa nini. "Hujakosa, mwanangu. Mungu ana njia nyingi." Nilirudi nyumbani na sanduku langu la bati. Tata, baba yangu, alinipa panga nikapunguze majani ya migomba. Generoza alibaki. Mimi nikaenda kusomea uuguzi, na baadaye kazi ya kuwatia wagonjwa usingizi wa upasuaji.

Ninyi vijana mnaosomea kazi hii leo mna mashine zinazolia mgonjwa akibadilika. Sisi tulikuwa na vidole. Kidole kimoja kwenye mshipa wa shingo, mkono mwingine kwenye mfuko wa mpira tunaoubonyeza kumpulizia hewa. Rangi ya damu ilitusomea habari: ikiwa nyekundu, sawa, ikianza kuwa nyeusi, hewa haifiki. Ukimlaza mtu kwa nusu kaputi, hajitetei tena. Ulimi wake unaweza kurudi nyuma ukamziba koo. Kwa saa mbili wewe ndiye pumzi yake.

Na akiamka hakujui. Hilo ndilo lililonitafuna. Kila mara, kabla sijachoma sindano, Sista Generoza alikuja kichwani mwa meza, akaweka kiganja kwenye paji la uso la mgonjwa na kuongoza Baba Yetu. Wote waliinamisha vichwa, hata daktari. Sala ilichukua dakika moja. Mgonjwa alipozinduka wodini, jambo la mwisho alilokumbuka lilikuwa kile kiganja. "Yuko wapi yule Sista aliyeniombea?" Akina mama kutoka visiwani, wake za wavuvi waliovushwa ziwa wakiwa na uchungu wa siku mbili, walijifungua kwa upasuaji na kuwaita watoto wao Generoza. Nilikuwa nawahesabu. Mpaka leo, visiwani mwa Muleba sijawahi kusikia Leokadia hata mmoja.

Nikaanza kubaki nimefumbua macho wakati wa sala. Nilijidanganya kwamba nakagua mtungi wa oksijeni. Ukweli ni kwamba nilikuwa namtazama yeye, nikisema moyoni: mahali hapo palikuwa pangu.

Imani yangu iliniponyoka katika juma moja. Jumatatu aliletwa mama kutoka kisiwani, mtoto amekwama. Mtumbwi wao ulikuwa na injini nzuri. Tulimpasua, wakapona wote wawili. Alhamisi akaletwa mwingine kutoka kisiwa kilekile, mwenye tatizo lilelile. Mtumbwi wake ulikuwa umeishiwa mafuta katikati ya ziwa. Alikata roho mlangoni, kabla sijagusa hata mshipa wake. Jumapili, kasisi alisema madhabahuni kwamba yule wa kwanza ni neema ya Mungu, na yule wa pili ni mapenzi ya Mungu.

Nilimfuata Sista Generoza chumba cha kuchemshia vyombo.

"Sista, Mungu aliwachaguaje hawa wawili?"

"Sijui, Leokadia."

"Hujui, na asubuhi nimekusikia unamshukuru."

"Namshukuru kwa yule aliyepona. Kwa yule mwingine namlilia."

"Huyohuyo unayemshukuru?"

"Huyohuyo. Sina mwingine." Akaendelea kupanga koleo ndani ya sinia.

Kama angenijibu kwa hoja, ningebishana naye. Lakini alisema "sijui" kwa utulivu, kama mtu anayesema mvua haijanyesha. Tangu siku hiyo wivu wangu ulibadilika. Sikuutamani tena mkufu wake wa msalaba wala watoto walioitwa kwa jina lake. Niliutamani ule utulivu. Niliacha kukomunika, kisha nikaacha Misa, na pia jumuiya, ile sala ya majirani ya Jumamosi asubuhi.

Kwetu jambo kama hilo halifichiki. Mwenyekiti wa jumuiya alikuja nyumbani, akakataa kahawa ya kutafuna niliyomkaribisha, akauliza mbele ya mume wangu, maana wakati huo nilikwisha kuolewa, "Ma Leokadia, ukifa nani atakuzika? Unajua kasisi haji kwa mtu asiyesali."

"Mtanizika ninyi. Si tunakopeshana chumvi?"

"Chumvi si sala."

Alipoondoka, mume wangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alisema tu, "Usinitenge na watu, mama." Maneno hayo yaliniuma kuliko ya mwenyekiti. Niliomba uhamisho niende peke yangu, yeye abaki na watu wake.

Nilipelekwa mjini Bukoba, nikapanga chumba mtaa wa Bakoba. Mkuu wa chumba cha upasuaji huko alikuwa Mzee Ramadhani, Mwislamu ambaye baba yake alitoka pwani na mama yake ni Mhaya. Huyo alinifundisha sindano ya mgongo, ile inayotia ganzi kuanzia kiunoni huku mgonjwa akiwa macho. "Usiitafute njia kwa nguvu," alikuwa akiniambia. "Sindano ikifika yenyewe utasikia imelegea." Adhuhuri ikifika, kama hakuna mgonjwa mezani, alinawa na kuingia stoo ya mashuka kuswali. Siku moja nilimwuliza kama hachoki, kila siku mara tano.

"Nachoka, binti yangu. Lakini mtu anayeitwa mara tano kwa siku anajua hajasahauliwa."

Nilienda kuketi nje kwenye ngazi. Nilikuwa nimemkimbia mtu mmoja mwenye utulivu, nikakuta mwingine. Sikutaka dini ya Mzee Ramadhani. Nilitaka kuitwa.

Mume wangu alipougua nilirudi Muleba kumtunza, na hospitali ya misheni ikanipokea tena. Alipofariki alizikwa na jumuiya, kwa Misa na nyimbo, kwa sababu yeye hakuwahi kuacha. Mimi nilikaa mstari wa mbele, na wakati wa komunyo watu walinipita kama jiwe lililo njiani. Sista Generoza, ambaye sasa alikuwa Matroni, yaani mkuu wa wauguzi wote, alitoka kwenye kiti chake akaja kukaa nami. Hata wema huo niliuonea wivu.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu aliugua yeye. Tumbo lilimvimba, akatapika siku mbili. Uvimbe ulikuwa umeziba utumbo. Daktari mfawidhi mpya, kijana mpole, alitaka kumpeleka kwenye hospitali kubwa, lakini safari ingemmaliza. Sista akasema, "Nipasueni hapahapa. Leokadia anilaze."

Kanuni ya kazi yetu ni kumwona mgonjwa wodini kabla ya kumlaza. Unamwuliza kuhusu meno ya bandia, pumu, na amekula nini. Nilipomaliza maswali alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na jasho.

"Naogopa, Leokadia."

Nitawaambia ukweli, maana uzee hauna faida ya kuficha: nilifurahi. Miaka yote ile nilikuwa nangoja kumwona ameikosa ile amani yake. Nilimwambia, "Pole, Sista," nikatoka nikiwa mwepesi.

Siku ya upasuaji, wakati wa sala ulifika. Anayeongoza sala ndiye aliyelala. Wauguzi walitazamana. Sista akageuza kichwa. "Leokadia, ongoza."

Alijua sijasali kwa zaidi ya miaka ishirini. Daktari akasema, "Tuanze, utumbo hausubiri." Kwa hiyo nikaanza vyote kwa pamoja: mkono mmoja ukashika barakoa ya oksijeni usoni pake, mwingine ukasukuma dawa taratibu kwenye mshipa, na mdomo ukasema Baba Yetu. Maneno yalitoka yenyewe, makavu. Nilipofika kwenye mkate wetu wa kila siku, kope zake zilifunga na presha ikaporomoka. Niliachana na sala nikaishika kazi. Nilifungulia maji ya mshipani kwa kasi, nikamwinua miguu, nikaingiza mrija wa hewa. Kifua kilipanda, kikashuka. Kwa saa tatu nilikuwa pumzi yake, na katika saa hizo wivu haukunijia hata kidogo. Sikuwa na nafasi nao.

Siku ya nne nilimkuta ameegemea mto, anakunywa uji.

"Ulimaliza ile sala?"

"Hapana. Presha yako ilishuka. Niliishia kwenye mkate."

Alicheka, akashika mshono, kisha uso ukabadilika. "Basi uliishia kabla tu ya 'utusamehe makosa yetu', pale nilipopahitaji." Akaweka kikombe chini. "Mama Mkuu aliniuliza kuhusu wewe, tukiwa waombaji. Nilimwambia una maswali mengi juu ya Mungu, kwamba utawachafua wenzako. Ulikuwa unashika zaburi haraka kuliko mimi. Unaimba vizuri. Nilisikia watachukua mmoja tu kutoka Kashozi. Nilikuonea wivu, Leokadia."

Nilimwuliza kama aliwahi kumwambia mtu.

"Niliungama mwaka uleule. Kasisi aliniambia Mungu amenisamehe."

"Kwa hiyo Mungu amekusamehe kwa niaba yangu, na mimi sikuambiwa."

"Ndiyo maana nakuambia."

"Mimi bado," nikasema, nikaondoka.

Nilistaafu bila kumuaga. Waliniandalia chakula, ebitoke, ndizi zetu za kupikwa, na samaki, daktari akasoma hotuba, na kiti cha Matroni kilikuwa wazi kwa sababu alikuwa amepelekwa nyumba ya masista wazee karibu na Rubya. Nilikaa kibanjani kwangu miezi mingi nikijiuliza: kama ningebaki, ningekuwa na utulivu wake? Au lile juma la mama wawili lingenifuata hata ndani ya vazi? Na kama Mungu yupo, aliwezaje kumpa amani aliyeninyang'anya nafasi, akaniacha mimi na maswali? Kazi yangu ilinifundisha kumpumulia mtu asiyejua, bila kungoja asante, na nikaona hata msamaha unaweza kutolewa hivyo. Haikunifundisha kuacha kuitamani asante.

Mwezi uliopita nilipanda pikipiki nikaenda Rubya kumwona. Nilimkuta kwenye kiti kibarazani, amekonda, lakini akili ni timamu. Nilisimama mbele yake na mkoba wangu mkononi.

"Sista, nimekusamehe. Nimekuja kusema hilo tu."

Alilia kama mtoto, bila kujifuta. Alipotulia akasema, "Tusali basi, sisi wawili."

"Sali wewe. Mimi nitakaa."

Akafumba macho. Midomo ikaanza kutikisika, na uso wake ukalegea polepole kama wa mtu aliyefunguliwa mlango mahali anapojulikana. Nilivuta kigoda nikaketi karibu naye. Nilimwonea wivu kama siku zote, nikangoja amalize.