Kufuli la Shaba la Mama Ng'ambo

Nilipoanza kazi ya makufuli nilikuwa na maneno mengi kuliko tupa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniponza. Nilikuwa nimetoka Masasi, kwa fundi mzee aliyenifundisha miaka mitatu kwenye karakana ya uani kwake, nikapanda Newala na sanduku la mbao, jiliwa moja la kubania chuma, tupa nne na kichwa kikubwa. Newala wakati ule maseremala walikuwa tele. Ukimpa Mmakonde gogo atakutolea mlango ambao utaona haya kuupigilia msumari. Lakini ukimwuliza habari ya kufuli atakuonyesha komeo la mti. Kwa hiyo niliingia kama daktari aliyekuta kijiji hakijui dawa.

Ilikuwa miaka ya vijiji. Watu waliokuwa wakikaa kila mmoja katikati ya mikorosho yake walikuwa wamekusanywa, nyumba zikapangwa kwa mistari, na jirani uliyemsikia kwa mbali akitwanga sasa alikuwa anakusikia ukikoroma. Zamani mtu akienda shamba aliegemeza mchi mlangoni, na kila mpita njia alijua mwenyewe hayupo. Sasa kila mtu alitaka kufuli. Wengine hawakuwa na cha kufungia, ila jirani amefunga, basi na wao. Mimi nilifurahi, sina haja ya kudanganya.

Kabla ya kupanda Newala nilichagua mzigo wangu katika duka moja pale Masasi, na yule mzee wangu akiwa pembeni. Kulikuwa na vitasa vya kuchimbia ndani ya ubao, hivyo nikachukua vichache kwa ajili ya nyumba za walimu na watumishi waliotoka mikoa mingine, maana wao mlango usio na kitasa hawauhesabu kuwa mlango. Makufuli yalikuwa ya aina mbili. La kwanza lilikuwa na chapa ya mundu, la chuma cheusi, jepesi, ndani yake mna vibati viwili vitatu tu vya kuuzibia njia ufunguo usio wake. Makufuli hayo yalikuwa yameenea Kusini yote, mpaka kwenye mashamba ya mkonge. La pili lilikuwa na chapa ya kasa, la shaba, zito, likifunga unasikia limefunga. Nikachukua ya kasa matupu.

"Chukua na ya mundu," mzee akasema. "Weka yote mezani. Mlango si wako."

Nikachukua manne kumridhisha.

Siku ya soko ya kwanza pale Newala nilifanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka masikio yananiwaka moto. Nilisimama mbele ya watu, nikashika kufuli la mundu, nikalifunga, nikalifungua kwa msumari uliopindwa. Nikalifunga tena, nikalifungua tena. Watu wakapiga vigelegele. Nikatangaza kwamba anayefunga nyumba kwa takataka ile amemwekea mwizi bango la kumkaribisha, na kwamba mimi, kwa mkono wangu, sitaiweka kwenye mlango wa mtu yeyote. Niliapa. Wiki ile niliuza shaba mpaka nikatuma Masasi kuomba nyingine.

Mwanamke mmoja alikuja majuma machache baadaye, asubuhi, miguu imejaa vumbi la njia ya Mkunya. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, aliyevuka Ruvuma wakati wa vita vya wapigania uhuru na Wareno, na kijijini alikopewa kiwanja walimwita Mama Ng'ambo. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe uliyefungua kufuli kwa msumari?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi langu utaliweza." Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo mweusi uliolika. "Nataka kufuli linalofunguka kwa huu."

Nikauangalia. Ulikuwa wa mundu. Nikamwuliza kufuli lenyewe liko wapi.

"Liko mlangoni kwangu, huko ng'ambo. Kama mlango upo. Funguo zilikuwa mbili, mwingine anao baba watoto. Alilinunua kwenye mkonge, huku kwenu, kabla ya vita."

Akanieleza bila kulia, kama mtu anayeagiza unga. Walifunga nyumba kama watu wanaokwenda shamba, wakakimbia. Walipofika mtoni mume alirudi kumchukua mama yake mzazi, yeye mke akavuka na watoto. Tangu hapo ulikuwa mwaka wa saba. Mara mbili alipata salamu kwamba yu hai, anawabebea mizigo wapiganaji. Naye alikwisha kumpelekea habari za kijiji, mstari na nyumba.

"Akija akute mimi niko korosho," akasema, "ataweka ufunguo wake. Ukifungua, amefika kwake."

"Si atauliza majirani?"

"Majirani nao wanakuwa korosho, fundi. Na yule si mtu wa kuuliza."

Hapo sikuhitaji kuelezwa zaidi, na ndiyo maana sina pa kujifichia. Kwetu sisi, huku na ng'ambo ya mto, nyumba ni ya mwanamke. Mume ndiye anayekuja kukaa kwa mke, na mke akimchoka hapigi kelele. Mwanamume anarudi safari anakuta mkeka wake umetolewa nje, au mlango umefungwa namna asiyoijua. Mwenye heshima zake haulizi. Anashukuru kimoyomoyo, anaondoka. Baba yangu mdogo aliondoka hivyo, akiwa na mbuzi wa zawadi mkononi.

Nilijua pia namna ya kumfanyia. Mzee wa Masasi alinifundisha: unalegeza ribiti, zile pini zinazolibana kufuli la mundu, unalifunua tumbo, unavipiga tupa vile vibati mpaka viupishe ufunguo unaoutaka, unalifunga tena. Ni nusu siku ya kazi na subira kidogo. Makufuli manne ya mundu yalikuwa chini ya meza, karibu na goti langu.

Lakini nilikuwa nimeapa sokoni. Nikaiona kichwani nyumba ya Mama Ng'ambo, mstari wa tatu, mwisho kabisa, mahali ambapo kila apitaye ataona kufuli jeusi na kuuliza nani kaliweka. Nikawasikia wakicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kuchekwa kulinitisha kuliko kuiba.

"Haiwezekani, mama," nikasema. "Kufuli na ufunguo wake huzaliwa pamoja. Huwezi kumpa mtoto wa mtu mama mwingine."

Nilijisikia mwenye hekima kabisa. Akaugeuzageuza ule ufunguo.

"Hata kwa tupa?"

"Hata kwa tupa."

"Mimi siogopi wezi, mwanangu. Wataiba nini, chungu?"

Nikamwambia vijiji vipya vina watu wa kila namna. Nikamwekea kasa kiganjani ausikie uzito wake. Mtu asiye na mtu wa kumshauri humwamini fundi, na fundi aliyekuwapo ndiye mimi. Kesho yake nilikwenda mwenyewe hadi kijijini, nikapigilia tumbuu mbili nene, pete za kupitishia kufuli, moja mlangoni na moja kwenye fremu, nikalitundika. Lilikuwa kufuli la kwanza la shaba katika mstari ule. Majirani walikuja kulishika. Yeye alisimama pembeni na kunishukuru, nami nikarudi Newala nikipiga mluzi.

Vita vya ng'ambo vilikwisha baada ya zaidi ya mwaka. Malori yakaanza kupita kurudisha watu kusini ya Ruvuma, na ulikuwa msimu wa korosho. Mashamba ya zamani yalibaki kule kule yalikokuwa, mbali na vijiji, kwa hiyo watu walihamia kwenye vibanda vya shamba kwa siku kadhaa na kijiji kikabaki na kuku na wagonjwa. Mimi nilikwenda kijijini kwa Mama Ng'ambo kutengeneza mlango wa ghala, nikakuta watu wachache wamerudi, wamesimama mbele ya nyumba ya mwisho mstari wa tatu. Mzee mmoja mwenye mguu mbovu, aliyekuwa amebaki nyuma, alikuwa anaeleza kwa mara ya pili au ya tatu.

Alikuja mwanamume juzi mchana, mwembamba, amevaa koti la kijeshi lisilo na vifungo. Akauliza mstari wa tatu, nyumba ya mwisho. Mzee akamwonyesha. Akamwona akitoa ufunguo, akaujaribu, akaugeuza upande wa pili, akaujaribu tena. Akakaa barazani muda mrefu. Kisha akamwuliza mzee kama kufuli lile lilikuja na nyumba au limewekwa baadaye.

"Nikamwambia limewekwa baadaye, fundi alikuja mwenyewe kuliweka," mzee alisema. "Nikamwambia angoje, mwenyewe yuko korosho, kesho kutwa atakuwa hapa. Akasema gari lao linasubiri Newala. Ningejua ni mume ningemkamata na mguu wangu huu huu. Hakusema. Nani anajitangaza mahali alipokwisha kukataliwa?"

Ufunguo wake alikuwa ameusukuma chini ya mlango. Mama Ng'ambo alikuwa ameupata ndani, juu ya sakafu, alipolifungua kufuli langu zuri.

Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu ameota mvi na bado anaishi kwangu. Tangu siku ile sijamkatalia mtu kazi ya tupa, hata ile ya kuchekesha. Nimewapachikia watu makufuli ya mundu mpaka mengine nikayaokota jalalani na kuyafufua, na aliyenicheka amecheka. Haikunisaidia kitu. Nimewahi kuwaza kwamba labda yule bwana angekosana na mkewe tu, miaka ni mingi, vita humbadili mtu. Hayo ni mawazo ya mtu anayetafuta usingizi.

Siku tatu baada ya siku ile ya ufunguo, Mama Ng'ambo alikuja karakanani kwangu Newala. Alikuwa amefunga mzigo wake kwa kamba, watoto wawili wamesimama nje kwenye kivuli cha ukuta, naye alikuwa anakwenda kutafuta nafasi katika lori la kusini. Nikamwamkia. Akaniitikia vile vile kama siku ya kwanza. Akaweka kasa mezani pamoja na funguo zake mbili.

"Chukua, fundi. Nyumba wataipa mtu mwingine. Kufuli lenyewe halina ubaya."

"Utampata, mama?"

"Huko ni kukubwa. Nitauliza." Akaikaza kamba ya mzigo wake. "Yeye ndiye hapendi kuuliza. Mimi nitauliza."

Nilisema, "Mama, kosa ni langu." Nilikusudia kuendelea. Maneno yalikuwa yamejipanga, na makufuli manne ya mundu bado yalikuwa chini ya meza, nusu siku ya kazi.

Akanishika mkono kama anayemfariji mfiwa.

"Kosa lako lipi, mwanangu? Mimi mwenyewe niliwaambia pale kijijini, wamlaumu nani? Fundi alisema haiwezekani. Ingewezekana, angenifanyia. Si ndivyo?"

Alikuwa ananitazama, anangoja. Nje dereva alianza kupiga honi.

"Ndivyo, mama," nikasema. "Haikuwezekana."

Akanishukuru, akajitwika mzigo wake, akawaita watoto.