Mwavuli Umeingia

Shemeji yangu ni fundi saa. Ukimkuta kibandani mwake, kioo cha kukuzia amekibana jichoni na kibanio chembamba kipo mkononi, huwezi kuamini kwamba ni huyu huyu anayekimbilia baharini mvua inaponyesha. Watu wakifunga madirisha, yeye hufunga kibanda. Husema ndege wa bahari kuu hawaji karibu na watu kwa hiari yao. Dhoruba ndiyo huwasukuma mpaka ufukoni, na ikitulia wanarudi kwao. Anayetaka kuwapiga picha sharti alowe. Mtaani wanamwita Bwana Ndege. Jina hilo nililianzisha mimi, maana shemeji ni wa kutaniwa.

Aliyelowa zaidi, hata hivyo, alikuwa dada yangu. Kazi yake ilikuwa kushika mwavuli, si wa kumkinga mumewe wala wa kujikinga mwenyewe, bali wa kuikinga lenzi. Alisimama upande unakotoka upepo, mwavuli ameuinamisha juu ya kamera, na mvua yote ikamwishia mgongoni. Miaka kumi na moja. Mimi ni mshonaji, na mwaka mmoja niliishonea ile kamera koti la turubai lenye tundu la lenzi na kamba ya kukaza. Dada alilisifu sana. Haikunijia akilini kumshonea na yeye.

Wanasema mvumilivu hula mbivu. Kwa dada yangu, mbivu zililiwa na ndege.

Alifariki mwanzoni mwa mwaka huu. Daktari alisema ni moyo, mvua haihusiki. Nilitaka ihusike, nipate wa kulaumu.

Baada ya wiki chache nilitaka picha yake ya kuweka ukutani. Kulikuwa na ile ya harusi, ana miaka ishirini na miwili na uso umejaa poda, na ile ya kitambulisho, amekodoa macho kama mtu aliyeshtakiwa. Mimi nilimtaka dada niliyemjua, mwenye mvi mbele na pengo linaloonekana akicheka. Simu yangu ni ya kupiga na kupokea tu. Nikajiambia, mume wake ana kamera ghali kuliko kitanda chake, picha haziwezi kukosekana. Nikaenda.

Shemeji alinikaribisha sebuleni, akawasha kompyuta, tukakaa asubuhi nzima. Tuliona membe wakipigana na upepo, shakwe juu ya mawimbi, vitwitwi wamejikunyata nyuma ya jiwe, na ndege weusi wa mbali ambao hata yeye hakuwajua kwa jina. Picha elfu sita na ushei. Dada hakuwemo hata kwenye moja.

Nilimuuliza inawezekanaje. Akasema alikuwa na desturi: wakirudi nyumbani, kabla ya kubadili nguo, anapitia picha zote na zile mbovu anazifuta hapo hapo, kwa sababu fundi asiyetupa vyuma vibovu huishia kuvifunga tena kwenye saa ya mtu. Upepo ulipouyumbisha mwavuli, ukingo wake uliingia kwenye picha, na pamoja nao mkono wa dada, bega lake, wakati mwingine yeye mzima. Hizo zilikuwa mbovu. Alizifuta zote.

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia kinyozi hajinyoi, lakini kinyozi huyu amemnyoa mkewe mpaka haukubaki unywele. Akasema alikuwa ameshaipeleka kadi ya kamera kwa fundi wa kompyuta, akaambiwa picha mpya zimefunika zile zilizofutwa mara nyingi mno na maji yaliyomwagika hayazoleki.

Kisha akakumbuka daftari. Yeye alikuwa akitaja, dada akiandika: tarehe, upepo, ndege, namba ya picha. Na kwa kuwa fundi saa hataki kitu kipotee bila maelezo, aliagiza hata zilizofutwa ziandikwe pamoja na sababu. Yeye mwenyewe hakuwahi kulisoma. Alilitoa kwenye mfuko wa plastiki akanipa mimi, akisema miwani yake imebaki kibandani. Miwani ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake.

Nikasoma. Mwandiko wa dada ulikuwa wa mviringo, umepangwa kama mishono. Picha ya kumi na tisa, mwavuli umeingia, imefutwa. Ya arobaini, mwavuli na kidole changu, imefutwa. Miaka ya mwanzo aliandika hivyo tu, kikarani. Baadaye akaanza kuongeza maneno. Bega langu, imefutwa. Kisogo changu, nimeona nina mvi, imefutwa. Nilizihesabu baadaye, zilikuwa mia mbili na kumi na tatu.

Katikati ya daftari nilikuta na mimi nimo. Siku moja aliniomba niende nao, nishike kamera mara moja tu, niwapige wote wawili. Nilimjibu kwamba sina nguo za kupoteza kwenye mvua ya watu wengine. Aliandika: Mdogo wangu hakuweza kuja, ana kazi nyingi. Nilifunga daftari kidogo, nikalifungua tena.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa dhoruba yao ya mwisho. Nikamsomea kwa sauti: "Picha ya sitini na mbili. Upepo umeninyang'anya mwavuli, naukimbiza mchangani. Nimetoka vizuri, nacheka. Imefutwa."

Shemeji akauliza, "Aliniambia?"

"Kwamba nini?"

"Kwamba ametoka vizuri. Aliniambia, au aliandika tu?"

"Mimi sikuwepo, shemeji."

"Nakumbuka alisema kitu. Nilikuwa naangalia picha iliyofuata."

Aliivaa miwani yake bila aibu, akaisogelea kompyuta, akaitafuta tarehe ile. Siku hiyo alikuwa amehifadhi picha moja tu, namba sitini na tatu, iliyopigwa sekunde moja baada ya dada kupita mbele ya lenzi akicheka. Ni membe peke yake juu ya maji ya kijivu. Matone yametanda pembeni mwa picha, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kushika mwavuli.

Nilimwomba anichapishie hiyo. Iko ukutani kwangu sasa, juu ya cherehani, na wateja huniuliza kwa nini nimetundika picha ya ndege aliyegeuza mgongo.