Herufi za Atupele

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi ile Mzee Nzunda aliposhuka kwenye basi la kutoka Mbozi, akaja moja kwa moja kibandani kwangu hapa Tunduma, kitu amekifunga ndani ya kitenge. Nilikuwa kijana, fundi redio na simu, na nilijiona hakuna kinachonishinda.

Ilikuwa kompyuta ya zamani, zile ndogo za nyumbani ambazo mashine yote imo ndani ya kibodi, unaichomeka kwenye televisheni. Mdogo wake aliileta kutoka migodini Zambia. Aliyeitumia ni binti wa mzee, Atupele. Ugonjwa wa utotoni ulimwondolea sauti, na mikono ikabaki inatetemeka, kalamu haishikiki. Lakini kwa kidole kimoja aliweza kubonyeza herufi, maneno yake yakasomeka kwenye televisheni. Mwanangu, ile ndiyo ilikuwa sauti yake.

"Herufi tatu hazikubali," mzee aliniambia. "Zingine zote nzima."

Akaenda kunywa chai, nami nikaifungua kwa pupa. Chini ya vitufe kuna karatasi laini ya plastiki yenye mistari ya kupitisha umeme, na mkia wake, ule unaochomekwa kwenye mashine, ulikuwa umekauka kwa uzee. Nilipovuta, ukakatika. Herufi zote zikafa mikononi mwangu.

Mzee aliporudi nikamwambia, bila haya, "Mzee, binti yako anabonyeza kwa nguvu mno. Ameukata mkia wote."

Aliinamisha kichwa. "Nilimwambia abonyeze taratibu," akasema.

Nikamwacha aondoke na uongo ule.

Miezi mitatu nilitafuta kipuri. Nilizunguka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nikawaomba madereva wa malori waniulizie Lusaka. Hakikuwepo tena popote. Kila mzee alipokuja nilimwambia, "Bado kidogo." Siku moja akanieleza kwamba Atupele hataki tena kula pamoja naye. "Nimemgombeza sana kwa ajili ya hii mashine," akasema. "Labda ndiyo maana." Nikajifanya natafuta skrubu chini ya meza.

Baada ya hapo sikulala vizuri. Niliacha kutafuta, nikaanza kutengeneza. Nilichukua kibodi mbovu za ofisini, nikang'oa vitufe arobaini, nikavipanga kwenye kipande cha ubao, nikaviunganisha na mashine kwa waya kumi na tatu. Herufi niliziandika kwa rangi ya kucha. Haikupendeza, lakini ilifanya kazi. Nikaipeleka Mbozi mwenyewe.

Atupele alikaa mbele ya televisheni. Kidole kilitetemeka, kikatua, kikaenda herufi moja baada ya nyingine: SIKUKATA MIMI.

Mzee akasoma kwa sauti, polepole, kisha akanigeukia. Nami, Mungu anisamehe, nikainama nikajidai nakaza waya. Atupele akaandika tena yale yale.

"Ni mimi," nikasema. "Niliukata mimi, mzee. Siku ile ile, ulipokwenda kunywa chai."

Nilitegemea matusi. Hata hakunitazama. Alipiga magoti mbele ya binti yake, mtu mzima mwenye mvi, akasema, "Nisamehe, mama." Atupele akamwekea mkono kichwani. Nikakusanya bisibisi zangu nikatoka. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenisindikiza.

Mwanangu, mkono wa fundi hukosea, na wako utakosea. Ukiharibu kitu, sema papo hapo, mwenyewe angali amesimama mbele yako, kabla hujapata muda wa kutunga sababu. Na kosa lako usimtwishe mtu mwingine, hasa yule asiyeweza kujitetea. Baadaye Atupele alinisamehe, aliniandikia mwenyewe. Lakini miezi mitatu aliyogombezwa bure, tena mdomo umefungwa, siwezi kumrudishia. Nimezeeka nayo, na hata sasa nikikusimulia uso unaniwaka.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe moyo wa kusema kweli mapema, na akuepushe na aibu kama hii yangu. Amina.