Mkwaju wa Kwenye Kopo

Jani la mkwaju ukilifikicha kidoleni hutoa harufu chachu kidogo, mbichi. Kila ninapoinusa nakuwa tena uani kwetu Makangale, mtoto wa miaka kumi na mmoja, nimechuchumaa mbele ya kopo la maziwa ya unga.

Nikwambieni mapema: mimi si fundi. Ni mpenzi tu wa miti midogo, na mapenzi hayo yalianzia kwenye kalenda. Ilitundikwa katika duka la dawa kule Konde. Mama, aliyekuwa mjamzito, alikwenda kuchukua dawa zake, nami nikabaki nimekodoa macho: mti mkongwe, shina limepinda na kukunjamana, lakini wote umeenea ndani ya sahani. Muuza dawa akaniambia huitwa bonsai, na kwamba Wajapani huulea mmoja miaka na miaka, baba akamwachia mwana. Njia nzima ya kurudi nilikuwa kimya hata mama akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Wiki ile ile nikakuta mche wa mkwaju umeota kwenye ufa wa jiwe karibu na pwani, umeng'ang'ania udongo usiojaa kiganja. Nikauchokonoa taratibu, nikautia koponi. Nikachomoa waya kwenye redio mbovu ya baba, nikazungushia tawi ili lipinde nilivyotaka. Baba, mkulima wa karafuu, aliuzunguka mara mbili.

"Utazaa lini huu?"

"Hauzai, baba. Wa kutazama tu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kwake yeye mti usiozaa ni kuni zilizochelewa. Mimi nikautazama hivyo hivyo, asubuhi kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, na magharibi majani yake yalipokuwa yakijifumba kwa ajili ya kulala.

Kisha mimba ya mama ikaharibika. Ilikuwa ya miezi mitano. Shangazi yangu, Bi Zuhura, alikuja kutoka Kiuyu kumuuguza, na siku ya tatu, wanawake wa jirani wakiwa wamejaa mkekani uani, wamekuja kumpa pole mama aliyelala ndani, jicho lake likaangukia kopo.

"Nani kaufunga mti huu nyaya?"

"Mie, shangazi."

"Astaghafirullah! Mti ukizuiwa kukua, huzuia na wana wa nyumba. Ndiyo maana mamako yakamfika haya. Kautupe!"

Mkeka mzima ulinigeukia. Sitawaficha, niliogopa. Kwa kitambo niliamini kwamba nimemuua ndugu yangu kwa waya wa redio. Lakini mikono yangu ilikwisha kulikumbatia kopo.

"Siutupi."

Kwetu mtoto hamjibu shangazi yake hivyo. Alinivuta sikio huku akiwaambia wenziwe, "Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe," kisha akalishika kopo. Akavuta, nikavuta, udongo ukamwagika mkekani.

"Si nyinyi mnaosema samaki mkunje angali mbichi?" nikapiga kelele. "Nami naukunja ungali mbichi!"

Jirani mmoja aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga. Kicheko chake nilikilipia mimi, kwa kofi.

Hapo mama akatokea mlangoni. Tangu yamfike hakuwa amesimama. Alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

"Wifi, liache kopo."

"Mwanao huyu hana adabu, na mti wake una—"

"Mwanangu hakufa kwa mti. Hakufa kwa njia niliyopita wala kwa chakula nilichokula. Kafa kwa kuwa Mungu kamtaka. Sababu nyingine sitaki kuisikia ndani ya nyumba hii."

Akaja polepole, akakaa chini, akaanza kuuzoa udongo kwa viganja vyake na kuurudisha koponi. Shangazi aliondoka bila kula. Baba aliporudi kutoka shamba alisimuliwa yote, na mti haukuguswa tena na mtu ila mimi.

Uliishi miaka minne, kisha nikauua mwenyewe kwa ujinga, nilipoikata mizizi mingi mno wakati wa kiangazi. Sasa ninayo mingine tisa, imepangwa juu ya ukuta wa uani kwangu Konde. Nina miaka saba ya ndoa na sijajaaliwa mtoto, na ninayoambiwa kuhusu miti hiyo mnaweza kuyakisia. Nawakaribisha chai wanaoyasema, kisha nawaonyesha nyaya nilizofunga wiki hii.

Siku ile nilidhani mama amepigania mti wangu. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba watu walikuwa wakitafuta wa kumtwika kifo kile. Wangemaliza na mti, wangehamia kwangu. Mama alikuwa amekwisha kumzika mmoja. Aliinuka kitandani wasimchukue na wa pili.