Jua Lililomfuata Baba Ndani

Siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, kwa sababu bila siku hiyo harusi yenyewe isingalikuwapo. Mimi sikusoma, maneno haya namtamkia mjukuu wangu ayaandike, naye nimemwonya asiyapambe na asicheke kabla ya wakati.

Ulikuwa mwaka uliofuata Uhuru, nasi tulikaa milimani, juu ya stesheni ya Munisagara. Baba yangu alikuwa mkulima mwenye mahindi mengi na maneno mengi zaidi. Kijana mmoja wa reli, Yohana, alikuja na mjomba wake kuniposa. Baba hakuwapenda watu wa reli. Alisema hawana shamba, huhamishwa na treni pamoja na mizigo. Lakini kumkataa mgeni aliyekwisha kula chakula chako ilikuwa aibu kwetu, basi akatafuta namna ya kukataa bila kukataa.

“Binti nitakupa,” alimwambia mbele ya wazee, “siku nitakapoliona jua limemegwa mchana kweupe.”

Wazee walicheka hadi wakakohoa. Mimi nilikuwa jikoni, na mwiko ukanisimama mkononi, kwa kuwa Yohana nilikwisha kumpenda.

“Nimesikia, baba,” alijibu Yohana. “Na wazee wamesikia.”

Akaenda moja kwa moja kwa mwalimu wa misheni kuuliza kama jua humegwa. Mwalimu alimweleza kwamba mwezi hupita mbele ya jua kwa zamu. Kupatwa huko kwa jua kwa namna ileile hurudi baada ya miaka kumi na minane na siku chache, ila kila kunaporudi dunia imekwisha geuka theluthi moja zaidi, hivyo huonekana kwa watu wa upande mwingine. Zamu ya tatu ndiyo hurudi karibu na pale kulipoanzia. Kisha akamwambia kwamba zamu yetu ilikuwa mwezi uleule, siku ya Jumanne, alasiri. Yohana aliupanda mlima ule mbio kuja kutuarifu.

Jumanne ilipofika, baba alijifungia ndani, akasema anaumwa kichwa.

“Mzee, kichwa hicho kimeanza lini?” mama alimuuliza.

“Tangu alfajiri.”

“Alfajiri ulikula viazi vya watu wawili.”

“Ndivyo vilivyoniumiza!”

Nje mwanga ulipungua ukawa wa ajabu, na kuku wakaanza kuingia bandani. Wazee walisimama uani, wamejikinga macho kwa mikono. Yohana akabisha mlangoni.

“Hodi, baba! Linamegwa!”

“Mimi sioni kitu,” baba alijibu kutoka ndani. “Nilisema nikiliona mimi, sikusema likionwa na kijiji.”

Maneno yalikuwa yake, na kwa kweli ndivyo alivyosema. Wazee wakatazamana. Mimi nilikaa kizingitini nikalia.

Sasa, mwanangu, mlango wetu ulikuwa bati kuukuu lililowahi kuezeka ghala; lilijaa matundu ya misumari, nalo lilielekea machweo. Jua la alasiri likapenya. Kila tundu lilichora kijua kidogo, na kila kijua kilikuwa kimemegwa, kimebaki mfano wa ndizi. Vilimjaa baba kifuani na mashavuni, na kimoja kikatulia katikati ya upara wake. Akajifunika blanketi, vikakaa juu ya blanketi.

Mama, aliyekuwa naye mle ndani, alicheka hadi akaketi sakafuni. “Mume wangu, wenzako nje wanalo moja tu. Wewe unayo zaidi ya ishirini!”

Kisha baba akasema, “Mwambieni mtoto wa reli aache kunivunjia mlango. Aje Jumapili na mjomba wake.”

Zamu mbili zilizofuata waliziona watu wa mbali. Ya tatu ilitukuta hapa Mikumi, mimi na Yohana tukiwa wazee, na bati lile likiwa paa la banda la kuku. Mchana ule mume wangu aliinama akaingia bandani, akawafukuza kuku, akaketi. “Mama Neema,” aliniita, “njoo unitazame. Safari hii na mimi nina upara.” Nikaingia nikaketi naye.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukitaka kumkataa mtu, mkatae kwa kinywa chako mwenyewe, kwa adabu, na umpe sababu. Usimtume akangoje jambo unalodhani halitakuja, kwa maana wewe hujui lililokwisha kuanza safari. Na jua likimegwa, usilikazie macho hata kidogo. Lipe mgongo, utazame kivuli cha kitu chenye matundu, utaliona lote.

Mungu akulindie macho hadi uzeeni, akupe kinywa kisichoahidi kwa hila, na zamu yako ikirudi ikukute umeketi na yule aliyekungojea, hata kama ni ndani ya banda la kuku.